Sifuri Niliyoifuta

Nilikwenda kwenye matanga ya Assistant Losembe kuhakikisha kwamba amekufa kweli. Wengine walikwenda kulia, wengine walikwenda kula, na wengi walikwenda kwa sababu mtu akifundisha miaka mingi namna ile katika mji huu, nusu ya wauguzi wa Kisangani huwa wamepita mikononi mwake. Mimi nilipanda toleka asubuhi, nikamwambia mwenye baiskeli anipeleke njia ya Simi-Simi, na mwendo mzima nilikuwa nikirudia kimoyomoyo maneno niliyoyatunza karibu miaka ishirini. Nilijua familia ingewapa wanafunzi wa zamani nafasi ya kutoa ushuhuda. Nilijua pia kwamba mimi sitanyimwa nafasi, kwa kuwa sasa ndimi ninayefundisha somo lake, katika chuo kilekile, nikiegemea meza ileile. Nilipofika chini ya turubai niliiona picha yake imewekwa juu ya jeneza, amevaa miwani, anatabasamu kama mtu aliyetoka kushinda mabishano. Nikatafuta kiti. Hapo ndipo nilipomwona Faida katika safu ya pili, kitambaa cheupe kichwani, amenenepa kidogo. Tulikuwa hatujasemezana tangu mwaka ule. Alinitazama, akarudisha macho mbele.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nasoma mwaka wa pili wa lishe na uuguzi. Nilipanga chumba kimoja na Faida huko Mangobo, chumba cha udongo kilichopakwa chokaa hadi nusu ya ukuta, kana kwamba mpakaji alichoka au aliitwa. Kulikuwa na kitanda kimoja tulicholala kwa kupokezana na mkeka, kamba ya kuanikia nguo, na jiko la makaa tuliloliweka mlangoni. Faida alitoka Maniema. Kila alipopita mtu wa kwao akiteremka kutoka Kindu aliletewa mchele, na mchele ule alinigawia bila kunisema. Mimi natoka Isangi, na kutoka Isangi kilichokuja kilikuja kwa mtumbwi: samaki wa moshi, makemba, yaani ndizi za kupika, siku nyingine hakuna. Mchele ukiisha na mtumbwi ukichelewa tulikuwa tunakunywa chai ya mchaichai, tunafunga mlango na kusoma kwa sauti ili tumbo lisisikike. Jirani yetu alikuwa mama mmoja muuza pondu, yale majani ya muhogo. Kupitia ukutani tulimsikia akiwaambia wateja wake, "Hawa batoto ba chuo biko nasoma sana. Hata kula banasahau." Faida alikuwa akicheka akisikia hivyo. Mimi nilikuwa nikikasirika, ingawa mama yule hakuwa na ubaya.

Losembe alikuwa assistant, yaani mwalimu wa chuo ambaye bado anangoja kupandishwa, na kwetu cheo cha namna hiyo hugeuka jina. Alitufundisha kompyuta. Chuo kilikuwa na mashine nane kwa wanafunzi arobaini, na zilifanya kazi pale tu jenereta ilipowashwa. Wenzake walifundisha ubaoni, wakichora kibodi kwa chaki. Yeye alikataa. Alisema kwamba mtu wa lishe asiyejua kupiga hesabu ya sahani ni mpishi tu, kisha akatuagiza kila mmoja aandike kwa siku saba kila alichokula, kwa gramu, halafu tuiingize katika jedwali la kompyuta. Karatasi ya kwanza ya jedwali ilikuwa ya milo. Ya pili ilikuwa na vyakula vyetu, lituma ya ndizi za kuponda, pondu, kwanga ya muhogo, samaki, na kwa kila kimoja kalori zinazotolewa na gramu mia moja zake. Kutoka hapo tulijifunza kujumlisha, kutafuta wastani, kuiamuru mashine ichague. Siku moja alileta mizani na sufuria ya pondu iliyopikwa na mke wake kwa mafuta ya mawese, tukapima kijiko kimoja kimoja, tukaandika, tukapiga hesabu. Hakuna aliyesinzia. Sijawahi kuona somo zuri kama lile, na hilo ndilo jambo ambalo limenitesa zaidi kuhusu mtu huyu: nilichonacho leo, mkate wangu na heshima yangu, nimekipata kutoka kwake.

Wakati huo wa sufuria nilikuwa tayari namchukia, na nitasema kwa nini. Alipotupa kazi ya siku saba alituambia, "Andikeni kweli. Namba haina haya." Nilimwamini. Wenzangu waliandika mayai, maziwa, kuku wa Jumapili, hata Dieudo wa Basoko, ambaye nilijua kwamba anaishi kwa kwanga na chumvi, aliandika nyama. Mimi niliandika kweli. Jumatatu lituma mara moja. Jumanne pondu na kipande cha kwanga. Jumatano hakuna. Alhamisi mchele wa Faida. Ijumaa hakuna, na hivyo hivyo hadi Jumapili. Wiki iliyofuata Losembe alikusanya kazi zetu, akafunga mashine yake kwenye projekta, akatandika shuka jeupe ukutani, na bila kuniuliza akafungua jedwali langu, jina langu juu kwa herufi kubwa. Watu walilisoma. Halafu akaniita nisimame.

"Mademoiselle Mado, tunaona hapa zéro. Hapa zéro tena. Ni formule iko inakosea, ao ni weye?"

"Formule iko sawa, Assistant."

"Donc unaishi na nini? Na mupepo?"

Darasa lilicheka. Si wote kwa ubaya. Nadhani wengine walicheka kwa nafuu, kwamba si wao waliosimama pale. Lakini yeye hakuishia hapo. Alisema siku hiyo tungejifunza amri ya "kama", na akaifundisha juu yangu. Kama jumla ya siku ni chini ya elfu moja, mashine iandike NJAA. Kama sivyo, iandike SAWA. Akabonyeza, akavuta fomula hadi chini, na ukutani mbele ya watu arobaini jina langu likapangiwa safu: NJAA, NJAA, NJAA, SAWA, NJAA, hadi siku ya saba. Akapaka rangi nyekundu ili tuone jinsi rangi inavyowekwa. "Bon," akasema, "Mademoiselle Zéro, unaweza kukaa." Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine ila Zéro, yaani Sifuri. Waliniita Zéro kwenye foleni ya maji, waliniita Zéro kanisani. Kijana mmoja aliyekuwa ameanza kunisindikiza hadi daraja la Tshopo aliniita hivyo kwa mapenzi, na nikamwacha njiani. Ile siku ya sufuria ya pondu, walipomaliza kupima, Losembe aliwaambia wanafunzi waile. Walikula kwa vidole, wakilamba. Mimi nilikaa na mikono mapajani, mate yamenijaa kinywani, sijala tangu jana yake. Alinitazama juu ya miwani. "Zéro iko nafunga leo?" Niliapa moyoni kwamba mtu huyu nitamfanya asimame mbele ya watu akose pa kuweka uso wake, na nitafanya hivyo kwa kitu alichonifundisha mwenyewe.

Faida hakuielewa hasira yangu. Jioni moja akichochea makaa aliniambia, "Ungeandika hata mayayi, kama bengine."

"Alisema namba haina haya."

"Namba haina haya. Batu nabo banacheka. Sasa imepita, Mado. Kula."

Haikupita. Nilianza kujifunza kama mtu anayenoa panga. Katika ofisi ya sekretarieti kulikuwa na mashine ya tisa, ya Mama Béa, mwanamke mpole mwenye kikohozi ambaye macho yake yalikuwa yanachoka. Nilimwomba nimpigie barua zake, naye aniachie mashine saa za mchana. Alikubali, na kila siku alinimegea nusu ya kwanga yake na kunimiminia chai yenye sukari. Nikiangalia nyuma naona kwamba ni chakula cha Mama Béa kilichonipa nguvu ya kulipiza kisasi. Ilipofika Pasaka hakuna aliyenishinda darasani. Nilijua fomula ambazo Losembe mwenyewe alizitafuta kwenye kitabu. Na yeye, kwa kuwa hakuwa mjinga, aliliona hilo. Akaniita, akasema anataka jedwali kubwa la darasa zima, wanafunzi arobaini, siku thelathini, safari hii kila mmoja aandike kweli na majina yaondolewe, ibaki namba tu. Mimi ndimi nitakayelijenga. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Zéro, weye ndiye unajua."

Nililijenga muda wa majuma matatu. Ilikuwa kazi safi, hata leo ningeitia sahihi. Wanafunzi waliniletea karatasi zao na safari hii hawakuandika kuku. Dieudo aliniletea yake akiwa ameikunja mara nne, akasema, "Usiionyeshe mutu." Alikuwa anakula pungufu kuliko mimi. Nilipotafuta wastani wa darasa nilikaa muda mrefu nikiutazama. Tulikuwa kundi la watu wenye njaa tuliokuwa tukicheka mwenzetu.

Ningeweza kuandika kwamba sikujua jedwali lile lilikuwa la nini, na hakuna ambaye angenikanusha isipokuwa Faida, kwa sababu Mama Béa amefariki na Losembe sasa amemfuata. Lakini nilijua. Niliwasikia wawili hao mchana mmoja, mimi nikiwa nyuma ya kabati la mafaili, vidole vikiwa juu ya kibodi.

"Bageni bakiona hii tableau," Losembe alikuwa akisema, "batajua batoto banasoma na njaa. Balisema bataleta maharagi, muchele na mafuta. Batoto batakula kila siku saa sita, hapa hapa."

"Na weye, Assistant? Utapata nini mule?"

Alicheka kidogo. "Pengine batanipandisha cheo. Kila mutu na yake, Mama Béa."

Nililisikia neno la saa sita na nililisikia neno la cheo, na nikachagua kubaki na la pili. Nilijiambia kwamba chakula ni kisingizio, kwamba amenifanya ngazi mara ya kwanza na sasa anataka kupanda mara ya pili. Asubuhi ya wageni nilitumwa kuandaa mashine kabla ya watu kufika. Chumba kilinuka dawa ya sakafu, viti vya plastiki vimepangwa, shuka limepigwa pasi. Nilifungua jedwali, nikaenda kwenye karatasi ya pili, kule chini ambako hakuna aliyekuwa akifika isipokuwa mimi. Kulikuwa na kijumba kimoja chenye mia moja, ile mia ambayo hesabu zote ziligawanywa kwayo. Nilifuta sifuri moja. Mia ikawa kumi. Kwenye karatasi ya kwanza kila namba ikakua mara kumi papo hapo, na nikazima skrini.

Wageni walikuwa watano, watu wa kanisa, na kati yao sista mmoja wa makamo aliyekuwa daktari wa lishe. Sisi wanafunzi tulikaa nyuma yao. Losembe alivaa suti ya kahawia na tai. Alizungumza vizuri, nakiri. Alieleza wanafunzi wanavyoishi, akasimulia vyumba vya Mangobo kama mtu aliyeviingia, kisha akawasha skrini na, akiwa amewapa wageni uso na ukuta mgongo, akaanza kusema kwamba namba hizi zitawahuzunisha. Sista alivaa miwani. Aliangalia kwa muda, akaandika kitu, akainua mkono.

"Samahani, Assistant. Mwanafunzi huyu namba saba, kwa siku moja amekula chakula cha watu wanne. Ni hivyo?"

Losembe aligeuka. Niliona shingo yake ikibadilika rangi. Alirudi kwenye mashine, akafungua fomula ya kwanza, ya pili, akabonyeza, akafuta, akarudisha. Fomula zilikuwa sawa zote. Mgeni mmoja alikohoa kwa kuficha kicheko. Mwingine alimwambia jirani yake kwa Kifaransa kwamba afadhali chakula hicho kipelekwe kwa wenye shida. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye tai. Halafu akanitafuta kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shuka akaniita kwa jina langu.

"Mademoiselle Mado. Kuya utusaidie."

Nilisimama. Ingenichukua sekunde tatu tu kurekebisha. Kidole changu kimoja, sifuri moja. Nilimtazama, amesimama mahali palepale aliponisimamisha, watu wote wakimwangalia, na nikasikia utamu ambao sijausikia tena maishani, si siku ya ndoa yangu, si siku nilipopata shahada. Nikasema, "Sijui, Assistant. Pengine tunakula sana."

Darasa lilicheka. Wageni nao wakacheka, kwa adabu. Sista peke yake hakucheka. Alifunga daftari lake polepole, na kabla ya saa sita walikuwa wameondoka.

Nilirudi chumbani nikipiga miluzi. Faida, ambaye siku hiyo hakuja chuoni, alikuwa amekaa mlangoni, sinia la mchele mapajani, anachambua mawe. Nilimweleza yote, nikiiga sauti ya Losembe, nikiiga jasho. Nilipofika kwenye sifuri aliacha kuchambua.

"Ulijua bataleta chakula?"

"Nilijua."

"Na ulifuta."

"Nilifuta. Ungemwona, Faida. Ungeona uso yake."

"Yeye leo anakula kwake," Faida alisema. "Bibi yake amepika. Ni nani hatakula, Mado?"

Nilimwambia kwamba yeye hakuitwa Zéro. Hakubishana. Alipika ule mchele, akanipakulia sahani yangu kama kawaida, na yake hakuigusa. Jumamosi alifunga nguo zake na sufuria, akahamia kwa dada wa mama yake huko Kabondo. Darasani alikaa mbali nami hadi mwisho wa mwaka. Hakunisema kwa mtu yeyote, na nilimchukia hata kwa hilo, maana kimya chake kilinielemea kuliko matusi. Wiki za mwisho zilikuwa ngumu. Siku ya mtihani wa fiziolojia Dieudo alianguka kutoka kwenye kiti chake, kichwa kikagonga saruji. Walimbeba nje, wakampa maji ya sukari. Alirudia mwaka, kisha akarudi Basoko, na nikasikia kwamba anauza samaki kwenye boti za mto. Alikuwa na akili kuliko wengi wetu.

Losembe aliigundua ile sifuri. Ilimchukua siku nne, na kufikia hapo wageni walikuwa wameshakipeleka chakula kwingine. Aliniita ofisini, jedwali limefunguliwa kwenye karatasi ya pili, kidole chake juu ya ile kumi.

"Nani alifuta zéro hapa?"

"Zéro ni jina yangu, Assistant. Nilibeba kitu yangu."

Nilingoja anifukuze chuo, na nilikuwa tayari, kwa sababu ili anifukuze angelazimika kueleza mbele ya kamati kwa nini niliitwa hivyo. Nadhani alilifikiri hilo pia. Akasema tu, "Bon. Nenda." Mwishoni mwa mwaka alinipa alama kumi na nane juu ya ishirini, za juu kuliko zote. Hakupandishwa cheo wakati ule, wala miaka mingi baadaye. Kuhusu alama zile nimejiuliza mara nyingi. Pengine ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Pengine alitaka nimshukuru. Sikumshukuru. Tulipofanya kazi pamoja baadaye tulisalimiana kama watu wanaopishana kwenye ubao mwembamba, kila mmoja akiangalia miguu yake. Mimi sasa nafundisha fomula kwa sahani, kama yeye. Wanafunzi wangu hawaandiki majina, wala sijafungua kazi ya mtu yeyote ukutani. Lakini ningekuwa mwongo nikisema kwamba nilimsamehe. Kila nilipomwona akipita uwanjani na mkoba wake, niliyaona yale maneno mekundu.

Basi walipoita wanafunzi wa zamani, nilisimama wa tatu. Mjane wake alinitikisia kichwa kunipa moyo. Nilisema niliyoyaandaa. Nilisema kwamba Assistant Losembe alinifundisha kila ninachokijua, na kwamba alinisimamisha mbele ya watu arobaini akaionyesha njaa yangu kama kichekesho, akanipa jina la Zéro, na kwamba mtu aliyekufa asifiwe kwa mema yake lakini ubaya wake pia usizikwe naye. Mjane aliinamisha kichwa. Nilitegemea kuusikia ule utamu wa zamani. Haukuja. Nikarudi kwenye safu, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya Faida.

Hakunisalimu. Alingoja nikae, kisha akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Umesema ya yeye. Ya weye utasema siku gani?"

Nilikaa na neno hilo wakati mwanafunzi wa nne akizungumza, na wa tano. Mwenye kuongoza shughuli alikuwa karibu kufunga ushuhuda. Nilisimama mara ya pili. Watu waligeuka, wengine wakinung'unika. Nilisema kwamba mwaka ule wageni walikuja kuona njaa yetu ili watuletee chakula cha mchana, kwamba Losembe ndiye aliyewaita, kwamba jedwali lilionyesha uongo siku ile kwa sababu mimi nililiharibu kwa mkono wangu, na kwamba nilijua ninachokiharibu. Sikueleza zaidi ya hapo.

Halafu upande wa nyuma, kwenye kivuli cha ukuta, alisimama mwanaume mwembamba mwenye shati la mikono mirefu, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Nilimtambua kwa kovu la kwenye paji la uso kabla sijamtambua kwa sura.

"Ile chakula ya saa sita," Dieudo alisema. "Ni weye?"

"Ni mimi."

Alinitazama. Macho yale niliyafahamu. Nimeyabeba mimi mwenyewe karibu miaka ishirini, na najua kwamba hayachoki. Aliweka kiti chake vizuri mahali pake, akampa mjane mkono, akatoka kwenda barabarani. Sikumfuata. Sikuwa na neno la kumwambia ambalo mimi mwenyewe ningelikubali.